Kuku wa Nyama, Vidonge vya Dawa na Majani ya Wazee

Wewe uliye na kijitabu hiki mkononi, fuata mstari kwa kidole, pole pole. Wewe ambaye herufi bado zinakusumbua, sikiliza kwanza, kisha mwenzako akusomee tena somo likiisha. Hakuna haraka.

Mara nyingi tukisema historia, watu hufikiri habari za wafalme na vita. Leo hatutamtaja mfalme yeyote. Tutasema habari za kuku. Usicheke. Kuku naye ana historia yake, na historia hiyo inakugusa wewe, inagusa mfuko wako, na hata afya ya watoto wako.

Sababu ya kulichagua somo hili ni hii. Siku moja nilipokuwa nikitembelea madarasa, mama mmoja alinisimamisha mlangoni. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimenunua vifaranga 100 wa kuku wa nyama kwa fedha walizochanga wenyewe. Akaniuliza, "Mwalimu, jirani yangu huwatilia kuku wake vidonge vya rangi mbili katika maji ya kunywa, anasema wanakua upesi. Marehemu mama yangu alikuwa akiwatilia wake pilipili na shubiri. Mimi nimfuate nani?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikamwambia, "Mama, swali lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Nipe muda nisome." Nikasoma, nikaona ya kwamba swali lile lile limewahangaisha wataalamu wa dunia kwa zaidi ya miaka 70. Basi na tulifuate tangu mwanzo wake.

1. KUKU WA ZAMANI

Hapo kale hapakuwa na kuku wa nyama. Palikuwa na kuku tu. Alizunguka uani, akachakura jaani, akala wadudu, majani na makombo. Alitaga mayai. Alipozeeka, au mgeni wa heshima alipofika, alichinjwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na ndivyo ilivyokuwa Ulaya na Marekani.

Kuku alipougua, watu walichukua dawa iliyokuwa karibu nao. Miaka karibu 2,000 iliyopita, Mrumi mmoja jina lake Columella aliandika vitabu vya kilimo. Katika kitabu chake cha nane, ambacho kinahusu ndege wa kufugwa, alitaja kumtibu kuku kwa vipande vya kitunguu saumu vilivyolowekwa katika mafuta ya uvuguvugu. Mbali sana na nchi ya Columella, bibi zetu nao waliponda shubiri, pilipili kichaa na majani ya miti michungu, wakatia katika maji ya kuku. Hawakukisoma kitabu cha Mrumi yule. Kila mmoja aliangalia, akajaribu, akakumbuka, akamwambia mwanawe.

Je, palikuwa na ukweli katika majani hayo? Ndiyo, palikuwa na ukweli. Fikiri hivi. Mbuzi akiona hatari hukimbia. Mti hauwezi kukimbia. Ukungu ukija, mdudu akija, kijidudu cha ugonjwa kikija, mti umesimama pale pale. Kwa hiyo mimea mingi hujilinda kwa uchungu, ukali na harufu. Ukali wa pilipili, harufu ya karafuu, uchungu wa mwarobaini, hizo ndizo mikuki na ngao za mimea. Binadamu aliziazima tu.

2. BIBI WA DELAWARE

Sasa twende Marekani, mwaka 1923. Katika mji mdogo wa Ocean View, jimbo la Delaware, alikaa mama mmoja jina lake Cecile Steele. Yeye alifuga kuku wachache wa mayai. Mwaka huo aliagiza vifaranga 50. Kwa kosa la muuzaji, akaletewa 500.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Bibi Steele hakuwarudisha. Aliwajengea kibanda, akawalisha, na walipofikia uzito wa karibu kilo moja akawauza kwa ajili ya nyama. Alipata senti 62 za Kimarekani kwa kila ratli, na bei hiyo ilikuwa nzuri mno. Mwaka uliofuata akaagiza vifaranga 1,000 kwa kusudi, si kwa kosa tena. Kufika mwaka 1926 alikuwa na banda la kuweka kuku 10,000. Majirani waliona, wakafuata. Hivyo biashara ya kuku wa nyama ikashika njia.

Lakini kuku aliyefungiwa bandani si sawa na kuku wa uani. Haoni jua, hachakuri, hajichagulii chakula. Vifaranga wengi waliokosa jua walipinda miguu. Ikagunduliwa ya kwamba walikosa vitamini D, nao wakatiliwa mafuta ya ini la samaki katika chakula, wakapona. Shika jambo hilo, maana ndiyo mlango wa hadithi yetu yote. Mfugaji alijifunza ya kwamba kitu kidogo sana kikichanganywa katika chakula chaweza kubadili hali ya kuku wote. Kitu hicho tutakiita nyongeza.

3. SIKU YA KRISMASI, MWAKA 1948

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa mijini walitaka nyama nyingi kwa bei nafuu. Chakula cha kuku kilichotengenezwa kwa samaki kilikuwa ghali. Mahindi na soya vilikuwa rahisi, lakini vifaranga waliolishwa nafaka na soya tu walidumaa. Kulikuwa na kitu fulani katika chakula cha samaki na nyama ambacho mimea haina. Mwaka 1948 kitu hicho kilijulikana: ni vitamini B12.

Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wataalamu katika maabara ya Lederle, mji wa Pearl River, jimbo la New York. Kampuni yao ilikuwa ikitengeneza pia dawa mpya ya antibiotiki iliyoitwa aureomycin, iliyogunduliwa na mzee Benjamin Duggar kutokana na kiumbe kidogo cha udongoni. Antibiotiki, ndugu mwanafunzi, ni dawa ya kuua vijidudu vya magonjwa au kuvizuia visizaane. Penicillin ni mojawapo.

Kiumbe kile cha udongo kilikuzwa katika mapipa, kama pombe inavyochachushwa. Dawa ilipokwisha kukamuliwa, yalibaki machicha. Jukes aliona ya kwamba huenda machicha yale yana vitamini B12. Akawalisha vifaranga. Siku ya Krismasi mwaka 1948, wafanyakazi wakiwa mapumzikoni, Jukes mwenyewe aliingia maabarani akawapima vifaranga mmoja mmoja. Wale waliokula machicha ya aureomycin walikuwa wazito kuliko wote.

Baadaye ilionekana ya kwamba sababu haikuwa vitamini peke yake. Katika machicha mlikuwa mmebaki dawa kidogo, na dawa hiyo ndiyo iliyowasukuma vifaranga kukua. Habari ilitangazwa mwaka 1950. Mwaka 1951 Serikali ya Marekani iliruhusu antibiotiki zitiwe katika chakula cha mifugo. Mwaka 1953 Uingereza nayo iliruhusu. Angalia vizuri: dawa hizo hazikutolewa kwa kuku mgonjwa. Zilitolewa kwa kuku mzima, kila siku, kidogo kidogo, ili anenepe upesi. Huo ndio mtindo wa jirani wa yule mama, ingawa yeye hajui ulikotoka.

Usidhani, hata hivyo, ya kwamba dawa ndiyo iliyomfanya kuku wa leo awe mkubwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitunza mbegu ya kuku ya mwaka 1957. Wakawalea pamoja na mbegu ya mwaka 2005, chakula kile kile. Baada ya siku 56, kuku wa mbegu ya 1957 alikuwa na gramu 905. Kuku wa mbegu ya 2005 alikuwa na gramu 4,202. Chakula kilikuwa kimoja, lakini mbegu mbili. Basi sehemu kubwa ya ukubwa huo ni kazi ya kuchagua mbegu, si kazi ya kidonge.

4. ONYO LILILOPUUZWA

Mtu aliyegundua penicillin mwaka 1928 ni Alexander Fleming. Mwezi wa Desemba mwaka 1945, alipopewa Tuzo ya Nobel, alitoa onyo mbele ya watu. Alisema ya kwamba mtu akitumia dawa hiyo kidogo kuliko inavyopasa, vijidudu havitakufa vyote, bali vitajifunza kuivumilia.

Nitakueleza kwa mfano wa shamba. Ukipalilia shamba juu juu, magugu dhaifu hufa, na magugu yenye mizizi mirefu hubaki. Hayo yaliyobaki ndiyo yatakayotoa mbegu. Mwaka wa tatu shamba lako lote ni magugu ya mizizi mirefu, na jembe lako limeshindwa. Vijidudu ni vivyo hivyo. Dawa kidogo huviua vilivyo dhaifu, na huviachia nafasi vilivyo sugu. Sasa fikiri: dunia nzima ilikuwa ikiwapa mamilioni ya kuku dawa kidogo kidogo, kila siku.

Tena kuna jambo lililo baya zaidi. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani walionyesha ya kwamba vijidudu vya kuhara damu vyaweza kupokezana usugu, kama watu wanavyopokezana habari sokoni. Kijidudu kimoja sugu humpa mwenzake siri yake, hata kama si wa kabila lake.

Mwaka 1969 huko Uingereza kamati iliyoongozwa na Michael Swann ilitoa taarifa yake. Ilishauri ya kwamba dawa zinazowatibu watu zisitiwe ovyo katika chakula cha mifugo. Wengi walisema kamati inatia chumvi.

Halafu mwaka 1976 daktari Stuart Levy wa Marekani na wenzake walitoa habari ya jaribio lao. Waliweka kuku katika shamba moja. Kuku wengine walipewa chakula chenye antibiotiki iitwayo oxytetracycline, wengine hawakupewa. Katika muda wa juma moja, karibu vijidudu vyote vya matumbo ya kuku waliopewa dawa vilikuwa sugu. Katika muda wa miezi mitano mpaka sita, vijidudu sugu vilionekana kwa wingi katika matumbo ya watu wa shamba lile. Watu hao hawakula chakula cha kuku. Waliishi nao tu. Majirani waliokaa mbali hawakuonekana na hali hiyo.

Hapo, ndugu mwanafunzi, ndipo swali la yule mama linapokuwa zito. Kidonge kinachotiwa katika maji ya kuku hakiishii katika kuku. Kinaandaa vijidudu ambavyo siku moja mtoto wako akiugua, dawa ya hospitali itavipiga visianguke. Jambo hili si hadithi ya kutisha watoto. Imekadiriwa ya kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu sugu. Si usugu wote huo ulitoka kwa mifugo. Mwingi umetokana na watu wenyewe kutumia dawa vibaya. Lakini banda la kuku nalo lina sehemu yake.

5. NCHI ZILIZOACHA

Nchi ya kwanza kukataza antibiotiki za kunenepesha mifugo ni Uswidi, mwaka 1986. Denmark ilifuata hatua kwa hatua. Mwaka 1995 ilikataza dawa moja iitwayo avoparcin, kwa kuwa ilifanana sana na dawa ya hospitali iliyowekwa akiba kwa wagonjwa mahututi. Mapema mwaka 1998 wafugaji wa kuku wa nyama wa huko waliacha wenyewe dawa zote za kunenepesha.

Watu walingoja waone balaa. Balaa halikuja. Vifo vya kuku havikuongezeka. Chakula kiliongezeka kidogo tu: kiasi cha gramu 16 zaidi kwa kila kilo moja ya kuku. Na usugu ulishuka. Mwaka 1995, katika aina moja ya vijidudu vilivyopimwa kutoka kwa kuku wa nyama, zaidi ya 7 katika kila 10 vilikuwa sugu kwa dawa za jamii ile ya avoparcin. Kufika mwaka 2000 havikufika hata 1 katika kila 10.

Umoja wa Ulaya ulikataza dawa za namna hiyo moja baada ya nyingine, na tangu tarehe 1 Januari 2006 ukakataza zote zilizobaki. Marekani, mahali mtindo huu ulipozaliwa, iliacha mwaka 2017 kuruhusu antibiotiki muhimu kwa tiba ya watu zitumiwe kunenepesha mifugo.

6. MAJANI YANARUDI

Wafugaji walipoambiwa waache kidonge, waliuliza, "Tutie nini mahali pake?" Ndipo macho yakarudi kwenye majani. Lakini safari hii hawakuponda majani kwa kinu. Walitaka dondoo, yaani kile kiini chenye nguvu kilichotolewa katika mmea na kupimwa.

Kazi ya kutoa viini vya mimea ilikuwa ya zamani. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Dumas na Péligot, walitenga kiini cha mafuta ya mdalasini. Mwaka 1944 huko Marekani, Cavallito na Bailey walitenga kiini cha kitunguu saumu kiitwacho alisini, wakaonyesha ya kwamba huua vijidudu. Majani ya zaatari na oregano, yanayoota kando ya bahari ya Mediterania, yana viini viwili vyenye nguvu, yaani timoli na kavakroli.

Na karafuu? Hapa historia inafika nyumbani kwetu. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea Pemba. Katika mafuta ya karafuu kiini kikubwa ni eujenoli. Watu wa Pemba wanajua kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake, kinachokamua mafuta kutoka katika vikonyo vya karafuu. Eujenoli hiyo hiyo, ambayo tangu zamani daktari wa meno huitumia kutuliza maumivu, imejaribiwa katika chakula cha kuku.

Viini hivi hufanyaje kazi? Kijidudu kina ngozi nyembamba inayoshika vitu vyake ndani. Timoli, kavakroli na eujenoli huitoboa ngozi hiyo, vitu vya ndani vikavuja, kijidudu kikafa au kikadhoofika. Tena viini vingine huamsha mate na maji ya tumbo ya kuku, chakula kikasagika vizuri zaidi.

Pilipili nayo ina ajabu yake. Mtu akila pilipili kichaa hutoka machozi. Kuku akila, hana habari. Mwili wa ndege hauusikii ule ukali kama sisi tunavyousikia. Ndiyo sababu ndege huila pilipili iliyoiva porini na kueneza mbegu zake. Kwa hiyo pilipili yaweza kuchanganywa katika chakula cha kuku, naye akala bila taabu.

7. TUPIME KWA MIZANI YA HAKI

Sasa usikimbilie kusema, "Basi wazee walikuwa sahihi, wataalamu walikosea." Subiri kidogo. Historia si mchezo wa ngumi wa kutafuta nani kashinda.

Majaribio mengi yamefanywa juu ya dondoo za mimea. Mengine yalionyesha kuku waliokua vizuri sawa na waliopewa antibiotiki. Mengine hayakuonyesha tofauti yoyote. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni kipimo. Majani ya mti mmoja hayafanani nguvu. Ya kiangazi si sawa na ya masika. Yaliyokaushwa kivulini si sawa na yaliyochomwa na jua. Katika majaribio mengi dondoo ya timoli au kavakroli ilikuwa kama gramu 100 au 200 katika tani nzima ya chakula. Hicho ni kipimo cha mizani, si cha konzi. Tunao mfano wetu hapa Afrika ya Mashariki. Wakulima wa pareto wa Kenya na Tanzania hawakulipwa kwa uzito wa maua peke yake. Maua yalipimwa kiwandani ijulikane yana kiini kiasi gani cha kuua wadudu. Ua zuri kwa macho laweza kuwa na kiini kidogo.

Sababu ya pili ni joto. Mafuta ya harufu huruka hewani. Ukiyatia katika chakula kinachoshindiliwa kwa moto, au ukiacha gunia wazi, kinachobaki ni harufu tu.

Sababu ya tatu ni banda lenyewe. Katika banda safi, lenye hewa na kuku wachache, nyongeza yoyote haina kazi kubwa ya kufanya. Huko Denmark kilichochukua nafasi ya kidonge hakikuwa jani moja la ajabu. Kilikuwa usafi, hewa, chakula kizuri, na uangalizi wa kila siku.

Sababu ya nne ni ya kukumbukwa sana: kitu cha asili si lazima kiwe salama. Mwarobaini mwingi mno humfanya kuku akatae chakula na kudumaa. Dawa ikizidi ni sumu, iwe imetoka kiwandani au imetoka kichakani.

Na sasa neno moja bila kuzunguka. Hakuna pilipili, hakuna shubiri, hakuna dondoo yoyote inayotibu kideri, ule ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Kideri huletwa na kirusi. Antibiotiki nayo haiwezi kukiua. Dawa yake ni kukinga kabla haujafika, kwa chanjo. Kwa kuku wa kienyeji iko chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa Australia na Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, kwa ajili ya vijiji visivyo na barafu ya kutosha. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja katika jicho. Tanzania imeitengeneza yenyewe. Kwa kuku wa nyama, muulize afisa mifugo akupangie siku za chanjo.

8. JIBU LA MAMA

Nilirudi kwenye darasa lile. Nilimkuta yule mama akiwa na daftari lake. Nikamwambia hivi, nawe msomaji nakuambia hivyo hivyo.

Kwanza, usimfuate jirani. Kidonge cha rangi mbili ni dawa ya mgonjwa. Kuku wako akiugua, mwite afisa mifugo. Akikupa antibiotiki, toa kipimo chote kwa siku zote alizosema, kisha ngoja siku zilizoandikwa kabla ya kuuza nyama, ili dawa isiingie kinywani mwa mlaji.

Pili, maliza kwanza mambo makubwa: joto kwa vifaranga wachanga, maji safi, maranda makavu, nafasi ya kutosha, chakula kisichoota ukungu, na chanjo kwa wakati wake. Mwenye banda chafu anayetafuta jani la ajabu ni kama mtu anayepaka rangi nyumba inayovuja.

Tatu, majani ya mama yako usiyadharau, wala usiyaamini kwa macho yaliyofumbwa. Yapime. Chagua vifaranga wako 100 bila kupendelea, 50 huku na 50 huku. Wape chakula kimoja, maji yale yale, banda lile lile lenye ukuta wa matete katikati. Kundi moja ongezea kitunguu saumu kidogo kilichopondwa, kwa kipimo kimoja kila siku, na kundi la pili usiongeze kitu. Kila juma pima vifaranga 10 kutoka kila kundi. Andika tarehe, andika uzito, andika waliokufa, andika chakula kilicholiwa. Baada ya majuma sita, soma ulichoandika.

Yule mama alitazama daftari lake, akasema, "Kumbe ndiyo kazi ya kalamu." Ndiyo, ndiyo kazi ya kalamu. Jukes aliwapima vifaranga siku ya Krismasi, akaandika. Levy alipima, akaandika. Wadenishi waliandika kila gramu, ndiyo maana waliweza kusema gramu 16 bila kubahatisha. Mama yake mzazi alijua mengi, labda kuliko tunavyodhani, lakini hakupewa nafasi ya kujifunza kuandika. Alipokufa, kipimo chake kilikwenda naye. Binti yake amebaki anakumbuka majina ya majani tu: pilipili na shubiri. Kiasi gani? Kwa siku ngapi? Kwa ugonjwa gani? Hakuna ajuaye.

Wewe unajifunza kuandika. Usikubali ujuzi wako upotee hivyo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Antibiotiki: dawa ya kuua vijidudu au kuvizuia visizaane.
Dondoo: kiini chenye nguvu kilichotolewa katika mmea.
Nyongeza: kitu kidogo kinachochanganywa katika chakula kwa kusudi maalum.
Usugu: hali ya kijidudu kutouawa tena na dawa iliyokuwa ikikiua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini dawa kidogo ya kila siku ina hatari kuliko dawa kamili ya siku chache?
2. Watu wa shamba la jaribio la mwaka 1976 hawakula chakula cha kuku. Vijidudu sugu viliwafikiaje? Toeni mawazo yenu.
3. Kila mwanafunzi ataje mmea mmoja ambao wazee wake walimpa kuku. Mwalimu aandike ubaoni. Je, kuna anayejua kipimo chake?
4. Kazi ya nyumbani: piga mistari katika daftari lako, uandike juu yake maneno haya matano: tarehe, kundi, uzito, chakula, waliokufa.

Mpaka juma lijalo, ndugu wanafunzi, kwaherini.